Unga Uliosagwa na Mwingine

Enzi za Mjerumani, kijiji kimoja karibu na Busi kilikuwa na kinu cha maji kando ya kijito: maji ya mfereji yalizungusha gurudumu, gurudumu likasaga nafaka. Wanawake walikipenda, maana kusaga kwa jiwe kunavunja kiuno. Kuluthumu alikipenda kuliko wote.

Ila nafaka ya sadaka haikupelekwa pale. Binti yake Zaitun alipozidiwa na homa, mama mkwe alimpa uwele kwenye kikapu.

"Saga kwa mikono yako, mwanangu, huku ukitaja jina la mtoto. Anayesaga ndiye anayemwombea. Kisha ukaumwage chemchemini."

Kuluthumu alikuwa amekesha na mgonjwa. Mikono haikuwa na nguvu hata ya kusukuma jiwe la kusagia. Nani angejua? Jua likizama, akashuka kijitoni na kikapu.

Masikini, kwa uchovu alisahau kuwa ni kiangazi. Mfereji ulikuwa umekauka. Akageuka arudi...

Grrr... grrr...

Gurudumu lilikuwa linazunguka.

Maji hayakuwepo hata tone. Ndani kulinuka tope bichi.

"Lete nikusagie," sauti ya mwanamke ikanong'ona gizani. "Umechoka."

Msagaji wa pale alikuwa Mustapha, mwanamume mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Huyu hakuwa yeye. Kuluthumu akarudi nyuma hatua moja. Lakini alimkumbuka Zaitun anavyotweta, akamwaga uwele kinuni.

"Wa nani?"

"Wa... wa Zaitun. Binti yangu."

"Zaitun," sauti ikarudia, taratibu, kama anayebembeleza.

Unga ulitoka wa baridi, umelowa. Akaumwaga chemchemini, akakimbia nyumbani bila kugeuka.

Zaitun alikuwa ameketi, homa imemtoka, anakunywa uji. Bibi yake analia kwa furaha. Kuluthumu akapiga magoti, akamkunjulia mikono.

Mtoto akajibana kwa bibi.

"Shikamoo," akasema kwa adabu, kama anavyowaamkia wageni.

"Zaitun, ni mimi. Mama."

Mtoto akatikisa kichwa. "Mama yuko kijitoni. Amesema nikimaliza uji nimfuate."

Mama mkwe akaacha kulia.

"Kuluthumu," akanong'ona, "nani alisaga?"

Kuluthumu akarukia mlangoni. Walifunga mlango, wakauegemezea gogo. Kuluthumu akamkumbatia binti yake kwa nguvu zote asitoke. Na Zaitun, mikononi mwa mama yake, alilia mpaka kukakucha, akimwita mama.