Chale ya Shavu la Pili

Kila Ijumaa akitoka shule, Akyaa humfuata mama yake kazini bila hata kuvua sare. Mama yake, Dufie, ana mashine ya kuchapa picha ukutani, na mji mzima wa Mampong unamjua kwa kazi hiyo. Ijumaa hii walikuwa kwa marehemu Nana Serwaa, bibi aliyewauzia watoto wa shule uji wa mahindi asubuhi. Mazishi yalikuwa kesho yake, na familia ilitaka uso wake uonekane ukutani tangu getini.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa zamani, umejaa mabonde. Dufie akaupapasa, akaguna.

"Huu hautaki haraka," akasema huku akibonyeza skrini. "Naweka ubora wa juu, na uelekeo mmoja. Kichwa cha mashine kikipanda kinamwaga wino, kikishuka kinashuka kikavu."

"Si tutalala hapa, mama?"

"Tutalala. Ukichapa kupanda na kushuka kwenye ukuta kama huu, mistari haikutani. Kila kitu kinatoka mara mbili."

Shavu la kushoto lilikuwa limekwisha wanawake wa jikoni walipomwita Dufie akale fufu na supu. Kwenye nyumba ya msiba hukatai chakula. "Angalia tu. Usiguse," akamwambia Akyaa.

Mara uani zikasikika sauti za wasichana wanaocheza ampe, mchezo wa kuruka na kupiga makofi.

"We Akyaa, njoo turuke!" mmoja wao, Pokuaa, akaita.

"Niko kazini."

"Kazini wapi? Mashine ndiyo inafanya kazi. Au umeolewa nayo?"

Walicheka wote, na kicheko kile kilimchoma. Akyaa aliijua skrini ile vizuri, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Akashusha ubora, akaweka pande zote mbili ili kazi iishe upesi. Kichwa kikaanza kumwaga wino kikipanda na kikishuka, mbio mbio, naye akaenda kuruka.

Aliporudi, akautazama ukuta. Nana Serwaa, alipokuwa hai, alikuwa na chale moja ndogo kila shavu. Pale ukutani, kushoto ilikuwepo moja, safi. Kulia zilikuwa mbili, na jicho la juu yake lilikuwa na kivuli kama la mtu aliyelewa. Akyaa akazima mashine. Akasugua kwa mate, akasugua kwa pindo la sare. Wino ule hukauka papo hapo kwa taa ya mashine, haukutoka hata chembe. Akabaki amesimama, mikono imening'inia, akitazamwa na bibi aliyekuwa akimwongezea uji bure.

Agya Donkor, mtoto mkubwa wa marehemu, ndiye aliyefika wa kwanza.

"Huyu ni nani?" akauliza kwa sauti ndogo. "Ndugu zake mama walikufa wote wachanga. Yeye akachanjwa chale moja moja, ili kifo kimkatae abaki. Huyu wa chale mbili simjui mimi."

Dufie akaja mbio, vidole bado vina supu. "Agya, nisamehe. Pengine ni umeme, au huu ukuta..."

Akyaa angeweza kunyamaza. Lakini alisema, "Si umeme, mama. Ni mimi. Nilitaka kwenda kucheza."

Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Dufie alichukua brashi, akapaka ukuta wote rangi nyeupe. Rangi ililazimika kulala ikauke.

Alfajiri mashine ikaanza upya: ubora wa juu, uelekeo mmoja. Waombolezaji wa kwanza, wamevaa nyeusi na nyekundu, waliingia getini uso ukiwa nusu. Akyaa alitamani kuisukuma mashine kwa mikono yake. Hakuwa na la kufanya ila kusimama na kungoja, kichwa kipande, kishuke kikavu, kipande tena.

Jeneza lilipotolewa nje, shavu la kulia lilikuwa limekwisha. Agya Donkor akagusa chale ile kwa kidole. Moja, nyembamba. Machozi yakamtoka.

"Sasa ni mama," akasema, kisha akamgeukia Akyaa. "Mwanangu, jana mashine ilifanya ulichoiambia, haina kosa. Ukiachiwa kazi, kaa nayo mpaka mwisho. Na ukiharibu, sema mapema kama ulivyosema. Ungenyamaza, tungeulaumu ukuta, tukamzika mama yetu chini ya uso wa mtu mwingine."