Saa ya Mkono wa Kulia

"Rudia tena!" Bi Icilda alifoka, ndoo ingali inadondoka maji mkononi. "Rudia mtaa usikie!"

"Narudia. Maji yako yananuka!" Novlette akajibu kutoka upande wake wa uzio wa mabati. "Umeparua samaki wako, umemwosha, halafu ukatafuta dunia nzima pa kumwaga maji, ukaona hapana pengine ila juu ya nguo zangu!"

"Upepo ndio uliyapeleka."

"Upepo gani? Tangu alfajiri hata jani halijatikisika Falmouth hii!"

"Basi ni upepo wa kinywa chako."

Vicheko vikapasuka barazani kwa watu. Ilikuwa saa moja ya asubuhi, na mtaa mzima ulikuwa umeshatoka na vikombe vya chai. Wengine, bila haya, walikuja na viti. Na kwa nini wasije? Wiki mbili tu zilizopita wanawake hawa walikuwa wakila sahani moja. Kila Jumapili Bi Icilda aligonga bati kwa mwiko, ngo ngo ngo, na Novlette akapenya kwenye pengo la uzio bila kuvaa viatu, kwa kuwa alikuwa mpenzi wa Orane, mwana wa pekee wa nyumba ile, na harufu ya wali wa nazi na maharage haimsubiri mtu afunge kamba za viatu. Sasa pengo lile lilikuwa limezibwa kwa kitanda kibovu.

Novlette aliichomoa nguo yake ya njano kwenye kamba, akaiinua juu kama bendera.

"Hii ndiyo nguo yangu nzuri, Bi Icilda. Nilikukosea nini? Aliyekosewa ni mimi! Mwanao ndiye aliyenitaja kwa madereva wenzake ili ajinasue. Leo nasuka watu barabarani, juani, kama muuza makaa. Na bado unanimwagia maji ya samaki!"

Bi Icilda aliiweka ndoo chini. Sauti yake ikashuka, na mtaa ukasogea mbele, maana kila mtu alijua kwamba huyu mama akipiga kelele anacheza, akinong'ona anaua.

"Mwanangu hakumtaja mtu. Mwanangu ana kinywa kama kaburi, ndiyo maana leo anazikwa yeye. Saa saba wenzake wanakaa kumnyang'anya beji ya kubebea watalii msimu mzima. Muulize mwenyewe alimtaja nani. Simu unayo."

Akaingia ndani na kuubamiza mlango hata bati la dirisha likalia.

*

Novlette na Orane walikutana mwezi wa Novemba, kwenye lango la gati, siku ya meli mbili za watalii. Watalii walikuwa wakimwagika kama mchele uliotobolewa gunia, na madereva wamejipanga, mashati meupe, beji kifuani, kila mmoja anapiga kelele jina la ufuko wake. Novlette alikuwa ameshuka juzi tu kutoka milima ya Mandeville, kiti cha plastiki kichwani, boksi la shanga kwapani. Aliona basi dogo lililong'arishwa, akapanda, akakaa mbele.

"Dada, hili gari ni la watalii," dereva alimwambia. Kijana mrefu, shati lake limepigwa pasi hata mikunjo ingeweza kukata mkate.

"Mimi nami mtalii. Nimetoka milimani, sijaona bahari."

"Na hicho kiti?"

"Mizigo yangu."

Orane alicheka, akamwacha. Njiani Novlette aliiona mikono yake kwenye usukani.

"Mbona saa mbili? Moja ya mke, moja ya hawara?"

"Ya kushoto ya Jamaika, ya kulia ya meli. Meli ina saa yake, mrembo, haikiulizi kisiwa."

"Lakini zinasema kitu kimoja."

"Sasa hivi zinapendana. Iko siku zitagombana."

Novlette alidhani ni maneno ya kutongozea. Kumbe alikuwa anaelezwa kazi.

Ikawa kila siku ya meli wanakwenda pamoja. Yeye anaketi chini ya mti wa ufukoni, anawasuka watalii twende kilioni na kuwatia shanga. Orane anazunguka pwani na miwani nyeusi, anahesabu vichwa vya abiria wake majini. Orane alipata chumba cha kupanga cha jirani, akamleta Novlette pale, uzio mmoja na mama yake. Mtaa ulijua habari kabla ya wenyewe. Mwezi wa Februari maji ya chumvi yaliiua saa ya mkono wa kulia, na siku ya wapendanao Novlette akamletea nyingine, yenye mkanda wa kijani, aliyoinunua chini kwenye mkeka sokoni Jumatano. Muuzaji aliapa kwa roho ya nyanya yake kwamba saa ile itamzika mvaaji.

Halafu ikaja Jumanne ile ya Machi.

Meli ilikuwa inaondoka saa kumi kamili. Orane alikusanya watu wake kumi na wanne saa tisa, nafasi tele, kwani kutoka ufukoni mpaka gatini ni nusu saa. Bibi mmoja alimuuliza, "Dereva, hiyo ni saa ya meli?" Orane akanyanyua mkono wa kulia kwa madaha: "Ya meli, mama." Dada watatu walikuwa bado wanamalizia kusukwa, Novlette akaomba dakika tano, akapewa. Walifika gatini wakiimba. Pale palipokuwa na meli palikuwa na bahari. Meli ilikuwa mbali, ndogo kama sabuni iliyokwisha, na watu kumi na wanne wenye chupi za kuogelea zilizolowa walisimama wakiipungia kana kwamba ingegeuka.

Kesho yake mlinzi wa ufuko akamfukuza Novlette chini ya mti. "Kusuka kwako kumeachisha watu meli," alimwambia. "Madereva wenyewe wamesema." Orane hakuja kumtetea, hakupiga simu, hakutazama hata upande wa uzio. Novlette naye alikuwa na kiburi cha milimani: asiyenitafuta sitamtafuta.

*

Sasa alikaa kitandani, nguo inayonuka mapajani, akabonyeza jina ambalo katika simu yake lilikuwa bado "Laazizi".

"Halo." Sauti kavu kama muhogo wa kuanikwa.

"Usinihalo mie. Nataka jambo moja. Uliwaambia madereva kwamba ni mimi niliyechelewesha watu wako, ndiyo au siyo?"

"Siyo."

"Muongo!"

"Novlette, unanipigia leo, zimebaki saa sita tu nivuliwe beji, uniite muongo? Wewe? Basi nami nina swali langu. Nani aliigusa saa yangu?"

"Saa ipi?"

"Usinifanye mjinga! Wamarekani wakifika Machi husukuma saa zao mbele. Sisi hatusukumi. Meli ikitoka kwao inakuja na saa yao, inatutangulia saa nzima. Kila dereva anajua, mbwa wa gatini anajua! Jumapili niliisukuma ya kulia. Jumanne asubuhi niliiacha dirishani jikoni nikaenda kuoga. Nilipotoka nikavaa, mbio mbio, sikuangalia. Miezi yote ile zilikuwa sawa, jicho limezoea. Gatini ndipo nikatazama. Mtu ameirudisha. Walioingia jikoni ni wawili, wewe na mama, na mama bila miwani hajui saa na sahani."

Novlette aliinuka kitandani.

Aliliona akilini dirisha lile, Jumanne ile asubuhi. Alikuwa ameingia na mkate wa muhogo wa moto. Saa ya mkanda wa kijani ilikuwa pembeni ya sabuni, na redio ilikuwa imetangaza saa kumi na mbili, na saa ile, zawadi yake, ilisema saa moja. Mwezi mmoja tu, na imeshaharibika! Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akaichukua upesi, akaizungusha hadi ikakubaliana na redio, akaifuta kwa kanga, ili mpenzi wake asijue kwamba alipewa takataka ya mkekani.

"Novlette?"

"Siku tisa," alisema polepole. "Umejua siku tisa, ukanyamaza?"

"Siku tisa nimekungoja useme!"

"Niseme nini nisichokijua? Nilidhani ni mbovu! Niliirekebisha!"

"Bila kuniuliza?"

"Ulinambia zitagombana! Hukunambia lini! Hukunambia kwa nini! Ulikuwa unanichekea tu na meno yako!"

Akakata. Kisha akaitupa simu kitandani, akaiokota, akaitupa tena. Hasira haikupungua hata punje, ila sasa haikujua iende wapi: nusu ilimtaka Orane, nusu ilimgeukia mwenyewe ikamkaba. Akaivaa nguo ya njano vilevile, mbichi, na samaki wake.

*

Madereva thelathini walikuwa wamekaa kwenye banda la gatini. Orane alisimama mbele yao. Juu ya mfuko wa shati palikuwa na vitundu viwili vya pini, pale ilipokaa beji ambayo sasa ilikuwa mezani ikingoja uamuzi. Mwenyekiti, Bwana Dunstan, mtu wa tumbo na miwani ya kamba, alikuwa anasema, "Kwa mara ya mwisho, kijana. Kilitokea nini? Dereva asiyeeleza kosa lake atalirudia."

"Nilikosea mimi. Basi."

"Hakukosea peke yake!"

Vichwa vikageuka. Novlette alipita katikati yao, na pua zikakunjamana nyuma yake safu kwa safu.

"Mimi ndiye niliyeirudisha saa ya meli nyuma. Nilidhani imeharibika. Mimi ni mtu wa milimani, kwetu saa ni moja. Hakuniambia, lakini nami sikumuuliza. Kama mnataka mtu wa kuvua beji, mimi sina, nina kiti cha plastiki. Mlishanivua mti, haikuwatosha?"

"Mti?" Bwana Dunstan alitafuta karatasi. "Sisi hatukukutaja, binti. Mlinzi ndiye aliyetuletea maneno ya kusuka, si sisi tuliompelekea. Huyu kila akiulizwa husema maneno matatu, hayo uliyoyasikia."

Novlette alimtazama Orane. Orane alitazama sakafu.

"Orane!" dereva mmoja mnene akapaza sauti kutoka nyuma. "Kumbe fundi saa wako anavaa gauni!"

Banda likacheka. Novlette akamgeukia.

"Cheka, Fitzroy! Wewe uliyemsahau bibi wa watu chooni ufukoni, ukamwacha mpaka magharibi! Saa yako wewe ilirudishwa na nani?"

Sasa banda halikucheka, lilivunjika. Watu walipiga meza. Hata Bwana Dunstan alivua miwani kufuta macho, na alipoivaa tena alikuwa ameshaamua. Saa iko mkononi mwa dereva, si dirishani, alisema, kwa hiyo kosa ni la Orane. Lakini kosa lenye maelezo si la kumnyima mtu msimu. Wiki tatu nje, kisha arudi mwisho wa foleni. Na barua ya kurudisha msusi kwenye mti wake ataiandika mwenyekiti mwenyewe.

Orane akasema ahsante, akatoka. Hakumtazama Novlette.

*

Novlette alikuwa amefika nusu ya njia, vumbi limeshika pindo, aliposikia basi likija nyuma yake polepole, mlango wazi.

"Panda."

"Hilo gari ni la watalii."

"Panda, Novlette. Paka wote wa Falmouth wanakufuata."

"Na wanifuate. Wao angalau wananifuata! Wewe ulinyamaza."

"Ningesema nini? 'Mwanamke wangu kanirudishia saa'? Wangekufanya wimbo!"

"Wamenifanya wimbo leo, na sijafa! Ulinilinda kwa watu thelathini, ukaniua mimi mmoja. Ulidhani nilijua nikakaa kimya nikikuona unazama? Hivyo ndivyo unavyonijua?"

Basi lilikwenda mwendo wa kobe, yeye anatembea, Orane anagombana kupitia mlangoni, na nyuma yao magari yanapiga honi. Orane akatoa kichwa: "Piteni! Hamwoni watu wanazungumza?"

Kisha akasema, kwa sauti nyingine, "Niliogopa kuuliza. Ungesema ndiyo, ulijua, ningefanya nini?"

Novlette alipanda. Akakaa mbele, palepale, mikono kifuani.

"Bado nina hasira," alisema.

"Mimi pia."

"Yangu kubwa."

Walipofika, Orane alizima injini. Akaifungua saa ya mkanda wa kijani mkononi, akamwekea kiganjani.

"Isukume wewe. Nikikuona."

Novlette aliizungusha saa nzima mbele, akamfunga mkononi, akakaza mkanda tundu moja zaidi ya kawaida, mpaka Orane akasema aa.

"Stahili yako. Sasa niambie, tangu leo. Lini zinagombana, lini zinapatana. Vyote."

"Novemba zitapatana. Ukikubali, siku hiyo twende kanisani."

"Unaniposa nikinuka hivi?"

"Nataka kujua mabaya yote mapema."

Hakupata nafasi ya kumjibu. Kutoka nyuma ya uzio ilisikika ngo ngo ngo, mwiko juu ya bati, na sauti ya kitanda kibovu kikiburutwa. Bi Icilda alisimama kwenye pengo, jasho usoni, mtaa mzima umeshakaa barazani.

"Habari zenu zimenifikia kabla yenu," alisema. "Nani kati yenu anajua saa ngapi sasa hivi?"

Orane alinyanyua mikono yote miwili. "Ya kisiwa au ya meli, mama?"

"Ya tumbo! Na wewe, mtoto wa milimani, unasimama kunikodolea nini? Vua viatu hivyo vya vumbi, ingia ule. Samaki mwenyewe ndiye huyo uliyemvaa tangu asubuhi."