Vipele vya Mizizi ya Kunde

Mke wangu Mwanapili alirithi konde moja tu kwa mama yake, huku nyuma ya mtaa wa Jadida. Analipenda kama anavyowapenda wanawe, nami sioni haya kulisema. Lakini mwaka ule wa vita vya Wazungu konde lilikuwa limechoka. Mahindi yalitoka mafupi, ya manjano, magunzi matupu. Na mchele wa ng'ambo ulikuwa hauonekani madukani.

"Mama Siti," nilimwambia, "likitunyima tena masika haya, tuliache liwe msitu."

"Mama yangu hakuniachia msitu," alijibu, akaenda zake kuteka maji.

Mimi Bakar nina papara, watu wote wanalijua hilo. Vuli tulikuwa tumepanda kunde. Tulipokwisha kuchuma, miche ingali mibichi, nilianza kuing'oa ili nipate nafasi ya mahindi. Nilipofika nusu ya konde niliitazama mizizi. Lahaula, ilijaa vipele vidogo vidogo, kama mtu mwenye ndui.

"Kumbe maradhi ndiyo haya," nilisema. "Tuchome yote." Nikaikusanya miche niliyoing'oa, nikaitia moto.

Mwanapili alikuja akasimama mbele ya nusu iliyobaki. "Hapa hung'oi kitu mpaka aje bwana shamba. Konde ni langu, Baba Siti."

Nilirudi nyuma. Kweli ni lake.

Bwana shamba alikuwa Bwana Hashil, mtu wa Tibirinzi. Alikuja siku ya pili kwa baiskeli, jasho linamtoka. Baada ya salamu alichimbua mche mmoja, akapasua kipele kwa ukucha. Ndani kilikuwa na wekundu.

"Hii si ndui, Bwana Bakar," alisema. "Hii ni nyumba. Humu mnakaa vijidudu vidogo mno, jicho haliwezi kuviona. Vinachukua kitu kilichomo hewani, vinakigeuza kiwe mbolea, vinaulisha mche."

"Vinakigeuzaje, na jiko havina?"

Alicheka. "Bi Mwanapili, mkate wa kumimina unauumua kwa nini?"

"Kwa hamira."

"Basi na vijidudu hivi vina kitu chao mwilini, kinafanya kazi kimyakimya kama hamira. Ukiona wekundu huu, jua kazi inaendelea. Msing'oe. Kateni shina juu ya ardhi, mizizi ioze humo humo. Majani yafukieni. Mahindi yatakuja kula hapo."

Nilitazama jivu langu, nikaona haya. Kisha nilichukua kisu, nikamsaidia mke wangu kukata.

Masika tulipanda mahindi konde zima, mbegu moja, siku moja. Nusu niliyoing'oa na kuichoma ilitoa mahindi ya manjano kama ya mwaka uliopita. Nusu ya Mwanapili ilisimama kijani, mahindi yameshiba punje mpaka nchani. Majirani walikuja kutazama. Mwanapili aliwatembeza bila haraka.

"Hapa nilikata," aliwaambia. "Hapa Baba Siti aling'oa."

Walinicheka, nami nikacheka nao. Nilijivunia mke wangu hata kifua kikanijaa.

Vuli nyingine tulipanda kunde konde zima. Tulipokwisha kuchuma nilikata kila mche kwa kisu, sikung'oa hata mmoja. Mwanapili alinifuata nyuma, akikagua mstari kwa mstari. Alipofika mwisho aliniambia, "Mama angekuona leo, konde hili angekuachia wewe."