Noella Alikuja na Chakula Chake

"Hicho ni nini, mwanangu?"

Mama Pélagie aliuliza taratibu, macho kwenye kibakuli alichokifungua Noella, mke wa mwanawe. Ndani mlikuwa na mboga za lengalenga na samaki wa kuchemsha. Pembeni bugali wa mihogo ulikuwa unafuka moshi, haujaguswa.

"Ni chakula yangu, mama. Unisamehe."

Lo! Huku kwetu Mulongwe, ukienda kwa mama mkwe na chakula chako, umemwita mlozi, mtia watu sumu. Huna haja ya kufungua mdomo. Tonton Révérien, mkubwa wa ukoo, aliacha kutafuna.

"Unaogopa mama yako atakutia sumu?"

"Hapana, tonton."

"Basi kula bugali."

Noella alimtazama mume wake, Achille. Kwa daktari walikwenda wote wawili. Achille alisikia kwa masikio yake kwamba mayai ya mke wake hayakomai, homoni zimevurugika, ndiyo maana hedhi inapotea na mimba haishiki. Apunguze bugali na sukari, atembee kila asubuhi. Noella alishika masharti na hedhi ilikuwa imeanza kurudi. Lakini Achille alimkataza kusema. Aliogopa ataambiwa ameoa tasa.

Noella akaandika kwenye simu, chini ya meza: "Sema, chéri. Weye ulikuwa pale."

Jibu likaja: "Kula leo tu. Usinipatishe haya."

"Achille," Mama Pélagie akamgeukia mwanawe, "weye unajua sababu?"

"Minye sijui kitu, mama. Muulize mwenyewe."

Mwanaume mzima, jamani. Noella alihisi mapenzi yakimtoka pale pale kwenye kiti.

"Niko na ugonjwa wa mayai, mama. Docteur alituambia sisi wawili. Achille alinikataza kusema."

Akaiweka simu mezani. Tonton Révérien akausoma ujumbe kwa sauti, na Achille akainamisha kichwa.

Noella akamega tonge la bugali, akachovya kwenye mchuzi, akala mbele ya wote.

"Nimekula ili mtu asikuite mlozi, mama. Aksanti. Minye narudi kwetu Nyamianda."

Akanawa mikono, akatoka. Achille akainuka kumfuata. Mama yake akamkamata shati.

"Kaa chini. Yeye mtoto wa watu amenitetea. Weye wa tumbo yangu ulikuwa unaniangalia tu."