Ubosi wa Kwenye Televisheni

Sumaili alimfukuza kazi mchumba wake mbele ya mafundi saba, kwa sababu ya vipande vya kitenge.

Kosa lilianzia kwenye tamthilia. Kila jioni alimtazama bosi mmoja wa ghorofa ya vioo, mtu asiyecheka, anayefukuza mmoja ili wengine wanyooke. Akitazama hivyo, atelye yake ndogo ya ushonaji pale Kasenga ilimpotea machoni. Cherehani nane zikawa mia nane, na mwanga wa ziwa ulioingia mlangoni ukawa wa ghorofa yake, ndoto aliyowasimulia mafundi kila asubuhi.

Basi asubuhi hiyo akamkuta Mwamvua, mkataji wake, akifunga mabaki ya kitenge cha sare za kwaya.

— Unapeleka wapi?

— Nyumbani, kama siku zote. Namshonea mtoto wa dada.

— Huo ni wizi.

Mafundi walidhani anatania. Mama Mapendo, mkubwa wao, akasimamisha cherehani.

— We Sumaili, mabaki ni ya mwenye kukata. Baba yako alituachia hivyo.

— Kiongozi habembelezi mtu, Mama. Mwamvua, toka.

Mwamvua akaweka kitenge mezani taratibu, akabeba mkasi wake.

— Minye, Mwamvua, ndiye mwizi? Sawa, patroni. Ghorofa yako ikiisha kujengwa, unitumie picha.

Mafundi wawili wakamfuata hapo hapo.

Jioni Sumaili akaandika: "Rudi tuongee."

Jibu likaja: "Weye ongea na televisheni."

Baada ya wiki tano akasikia Mwamvua anashona mjini Luvungi. Akamlalamikia Mama Mapendo:

— Mule ndani ya televisheni, mmoja akifukuzwa, wengine wanaongeza bidii!

— Mule wanalipwa kuigiza. Siye tuko tunaigiza?

Sumaili akapanda pikipiki kwenda Luvungi. Tambarare ya Ruzizi ilikuwa imelala kwenye mvuke wa jua, na milima ikielea juu yake kama nguo iliyoanikwa. Njia nzima aliota anapokelewa kwa kicheko. Alipofika akapiga simu.

— Niko mbele ya mlango wako. Nisamehe.

— Ulinitukana kwa simu?

— Hapana.

— Ulinitukana mbele ya nani?

— Ya mafundi.

— Basi unajua pa kuniombea msamaha.

Mwamvua akakata simu.

Siku iliyofuata Sumaili akafunga atelye, akakodi gari, akapakia mafundi wote watano waliobaki. Luvungi wakajipanga mbele ya Mwamvua, na wale wawili waliomfuata wakatoka ndani kuangalia.

— Mwamvua si mwizi, Sumaili akasema chini chini.

— Paza sauti, bosi wa ghorofa! Mama Mapendo akamkemea, watu wakacheka.

— Mwamvua si mwizi! Mwizi ni minye. Nilimwibia jina lake.

 Upepo wa tambarare ukapeperusha vitenge vilivyotundikwa, na Sumaili akajiona kama yuko chini ya maji, anasubiri kupumua.

— Ndoa nakubali, Mwamvua akasema. Atelye yako, sirudi. Mkasi wangu uko na mlango wake wa biashara sasa.

Walifunga ndoa mwezi uliofuata, na Sumaili alicheka mpaka shekhe akamwangalia.

Lakini somo la bosi yule lilimgharimu wiki tano bila sauti ya Mwamvua, mafundi wawili, kwaya moja iliyohamisha kazi zake Luvungi, na mkataji ambaye mpaka leo hajampata wa kufanana naye.