Kidole Gumba cha Vénuste

Callixte alifika kwa mteja wake, mama Mukagatare, jua likizama, mfuko wa zana begani na mawazo yote nyumbani. Gwiza, binti yake wa miaka miwili, alikuwa anakohoa mwezi wa nne sasa. Hospitali walipima hadi wakachoka. Pumzi ya mtoto ilizidi kuwa fupi.

Mama alimwonyesha meko ya sebuleni. Kila akiwasha, moshi ulirudi ndani badala ya kutoka juu kwa bomba la matofali.

"Aliyelijenga bomba hili miezi minne iliyopita ni kaka yako Vénuste," alisema kwa Kiswahili chake cha Tanzania. "Nikimwita aje kulitazama, hataki. Ananiambia niwashe tu moto kila jioni, nisikose hata siku moja."

Ajabu. Vénuste ndiye aliyemfundisha ufundi huu, na ndiye aliyemwambia kwamba bomba likirudisha moshi, moto huzimwa kwanza.

Akawasha kipande cha gazeti chini ya bomba. Moshi ulipanda kidogo, ukasita... ukamrudia usoni. Masizi yalikuwa machache. Kiota cha ndege hakikuwepo. Akachukua nyundo, akagonga matofali polepole, sikio ukutani.

Ko. Ko. Ko.

Du.

"Hapa iko kitu, mama," alinong'ona.

Akaingiza kichwa na tochi. Harufu ikamjia, nyepesi, tamu... Mafuta ya mtoto. Kumbe kooni mwa bomba palikuwa na saruji iliyoziba nusu ya njia, na juu yake alama ya kidole gumba chenye kovu la msumeno. Vénuste na maringo yake! Kazi aliyoipenda hakuiacha bila kuibonyeza kidole.

Callixte akapiga patasi. Saruji ikapasuka, kitu laini kikamwangukia mikononi.

Kilikuwa kitenge cha kumbebea Gwiza.

Kilipotea kwenye kamba ya nguo wiki ileile kikohozi kilipoanza. Sasa kilikuwa cheusi kwa moshi wa kila jioni, kimefungwa mafundo, na bado kilikuwa na jotojoto la mgongo wa mtu. Wachawi aliwasikia tangu utoto, hawakumtisha sana. Kilichomchoma ni kwamba Vénuste alisimama na mtoto huyu kanisani kule Nyundo siku ya ubatizo, na juzi tu alimbeba kumpeleka hospitali huku analia. Analia, jamani, na anajua!

Mama Mukagatare alijishika mdomo. "Mimi niliwasha tu, mwanangu. Aliniambia niwashe."

Simu ikalia. Alikuwa mkewe, Teta.

"Callixte, Gwiza hakohoi tena! Amelala muzuri kabisa. Vénuste iko hapa, amemubeba."

Callixte akakitazama kitenge mkononi.

"Anauliza, juu ya nini umebomoa kazi yake?"

Hakuwa amemwambia mtu yeyote.

"Teta... mutoe mutoto mikononi mwake. Sasa hivi."

Upande wa pili komeo la mlango likasukumwa taratibu. Kisha akamsikia Teta, mbali kidogo na simu:

"Shemeji... unafunga kwa nini?"