Njia Tupu ya Mzee

Kifuniko cha birika kiligonga mara mbili, kisha kikatulia.

Saa kumi kasoro robo, alfajiri.

Nje ya mlango wa jikoni alisimama Nukta, bastola ya Glock kiunoni. Nukta lilikuwa jina lake la kazi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, na zaidi ya nusu ya hiyo ameitumia katika ujasusi. Goti la kushoto lilimuuma.

Kifaa cha sikioni kilikwaruza.

"Uko wapi?"

"Mlangoni kwake, Mkuu."

"Mlete huyo mzee. Ramani tuliyomkuta nayo mlanguzi mmoja wa silaha ni yake. Lori la silaha linaingia leo, na yeye ndiye aliyewapangia njia."

"Ana miaka themanini na mmoja."

"Gereza haliulizi umri."

Nukta alikuwa amechoka kubishana. Akasukuma mlango.

Mzee alikuwa jikoni, amejitanda shali. Aliitazama bastola. Kisha akalitazama goti.

"Kaa kile kiti kirefu, mwanangu. Hakitakukunja mguu."

Amekuja kumkamata, naye anamchagulia kiti. Nukta akakaa.

Karibu na mlango palikuwa na begi dogo: mswaki, dawa za moyo, blanketi. Mzee alikwisha kufungwa mara mbili kwa sababu ya vitabu vyake, na begi lake lilikuwa tayari siku zote. Mara ya tatu asingerudi. Wote wawili walilijua hilo.

Zamani Mzee alifundisha chuo kikuu. Halafu akaacha ubao, akashika njia. Miaka thelathini alitembea na wafagiaji, walinzi na wapishi, kutoka vyumbani mwao hadi kazini, akiandika nani anapita wapi na saa ngapi.

Nukta alitandaza karatasi mezani.

"Ramani yako?"

"Yangu, kutoka kitabuni mwangu. Huu wino mwekundu si wangu."

"Barabara ya Viwanda, saa kumi na nusu. Umeandika kwamba ni tupu mpaka saa kumi na mbili."

Mzee alicheka kidogo, kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

"Hawakutazama kitabu ni cha mwaka gani. Viwanda vilifungwa, pakajengwa maghorofa, kodi ikapanda. Mfagiaji aliyelala jirani na kazi yake siku hizi analala kule machimboni, nje ya mji. Unadhani anaamka saa ngapi?"

Nukta alitazama saa yake.

"Mwenye jengo anaongeza kodi, lakini anachokula ni usingizi wa watu. Maisha yangu yote nimeandika hilo tu, kwa maneno marefu zaidi." Akamsogezea kikombe cha chai. "Siku hizi, saa hiyo, njia ile imejaa watu. Kama ningewapangia mimi, ningewapitisha hapo?"

Kifaa cha sikioni kikakwaruza. "Umempata?"

"Nipe saa moja, Mkuu."

"Nusu saa. Baada ya hapo namfuata mwenyewe."

Nukta akanywa chai akiwa amesimama.

"Usitoke, Mzee."

"Niende wapi? Miguu ilistaafu kabla yangu."

Pikipiki yake, Yamaha, ilinguruma mtaani.

Saa kumi na robo alifika njia panda ya Barabara ya Viwanda, akaificha pikipiki nyuma ya ukuta.

Mzee hakukosea.

Walikuja mamia, aproni zimekunjwa kwapani, tochi mikononi. Hawakuzungumza. Walitembea kama watu ambao bado wamelala.

Nukta akaingia katikati yao, akichechemea. Mfagiaji mmoja wa makamo alimtupia jicho, akampa ufagio wake mrefu.

"Egemea huu, dada. Goti hilo halifiki mjini."

"Na wewe?"

"Mimi bado ninayo mawili."

Saa kumi na nusu, taa kali zikawaka nyuma yao. Lori jeupe. Honi ikalia, ikalia tena.

Hakuna aliyeharakisha. Haukuwa ushujaa. Ulikuwa uchovu tu.

Lori likasimama.

Nukta akavuta mlango wa abiria. Mwanamume mwenye suti alipeleka mkono chini ya kiti. Mpini wa ufagio ukatua kwenye kiwiko cha mkono wake. Bastola ikaanguka sakafuni.

"Tulia hapo hapo."

Glock ilikuwa tayari imeelekezwa. Dereva alishainua mikono bila kuambiwa. Kati yao palikuwa na kitabu kilichochakaa.

Nukta akafungua kifaa cha sikioni ili Mkuu asikie.

"Kitabu mmekitoa wapi?"

"Maktaba, mama," dereva alisema. "Mimi ndiye niliyetumwa kukiazima. Njia ilitakiwa iwe tupu."

"Na aliyekiandika mlionana naye lini?"

Dereva alishangaa.

"Kwani yuko hai?"



"Nimesikia," Mkuu alisema. "Mwache mzee. Gari la kuwachukua liko njiani."

Walipochukuliwa wale wawili pamoja na lori lao la silaha, Nukta alirudisha ufagio kwa mwenyewe, akashukuru, akapanda pikipiki.

Mzee alikuwa amekaa kitini, amevaa koti lake, begi magotini.

"Vua koti, Mzee. Yamekwisha."

 Vidole vyake vilihangaika na kifungo cha kwanza, vikashindwa. Nukta akainama, akamfungulia vyote vinne, taratibu.

"Wafagiaji walifika njia panda saa ngapi?" Mzee aliuliza hatimaye.

"Saa kumi na robo."

Mzee akatoa daftari, akaandika.

"Mwaka jana ilikuwa saa kumi na nusu," alisema, akalifunga.

Nje kulianza kupambazuka. Nukta alivaa kofia ya pikipiki, akaelekea mlangoni bila kugeuka.

"Mwanangu."

"Naam."

"Wanaokuja hapa huwa wametumwa. Njoo siku moja mwenyewe tu. Mchana, tukae."